Lambo la tope, kisima cha chumvi na paa la mabati: maji ya kunywa kwa gharama ndogo yaanzie wapi?

Mtekaji

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa kupanga, si orodha ya vifaa. Hali iko hivi:

Kaya ya watu 6. Ukame unakaa miezi 5 mfululizo. Vyanzo ni vitatu. Cha kwanza ni lambo: maji ya kahawia, ukijaza chupa huoni vidole upande wa pili, na mifugo inakunywa humo humo. Cha pili ni kisima kirefu: maji meupe kabisa lakini yana chumvi, kipimo kinasoma mg 2,000 kwa lita, na maabara imekuta floraidi (madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi) mg 2.4 kwa lita. Cha tatu ni paa la mabati la mita za mraba 40 ambalo halina hata gata. Mvua kwa mwaka ni kama mm 450.

Bajeti ni ndogo, kwa hiyo kitu kimoja kikubwa tu ndicho kinawezekana mwaka huu. Chujio la mchanga? Mtambo wa mvuke wa jua? Chupa juani? Pia kuna video zinazunguka za kukata chupa na kuweka mkaa, pamba na kokoto. Ile inafaa?

FundiMatangi

Mkuu, umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umepima kabla ya kununua. Kila chanzo chako kina ugonjwa wake. Lambo lina tope na vimelea. Kisima kina chumvi na floraidi, ambavyo havisikii mchanga, jua, klorini wala moto. Maji ya paa yana kinyesi cha ndege na vumbi tu. Hela ya mwaka huu iweke kwenye paa.

Hesabu: mm 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Mabati yanapoteza kama asilimia 20 kwa kuruka na kukauka. Kwa hiyo 40 × 450 × 0.8 = lita 14,400 kwa mwaka. Kunywa na kupika weka lita 5 kwa mtu, ni lita 30 kwa siku, na siku 150 za ukame zinataka lita 4,500. Paa linatosha zaidi ya mara tatu. Kinachokosekana ni pa kuyaweka.

Na hata hizo 4,500 unaweza kuzipunguza. Changanya ndoo 1 ya kisima na ndoo 2 za mvua: chumvi inashuka hadi karibu mg 680 kwa lita, floraidi inakuwa mg 0.8. Kikomo cha floraidi cha Shirika la Afya Duniani ni mg 1.5, na chumvi chini ya 1,000 inanyweka bila malalamiko. Hapo mvua unayohitaji kwa ukame mzima ni lita 3,000. Mimi bado ningejenga tangi la 5,000, maana mvua za sehemu kavu hazina adabu. Ukibanwa sana, ndoo 1 ya kisima kwa ndoo 1 ya mvua bado inakupa floraidi 1.2, lakini kwa watoto chini ya miaka 8, ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka, baki kwenye 1 kwa 2.

Sasa ufundi. Gata liwe na mteremko wa sm 1 kwa kila mita. Likiwa tambarare majani hulala humo na kuoza. Kabla ya tangi weka bomba la kutupa maji ya kwanza. Angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa, yaani lita 20 kwako. Bomba la inchi 4 linabeba karibu lita 8 kwa mita, hivyo ungehitaji mita 2.5 na ukuta wako huenda usitoshe. La inchi 6 linabeba karibu lita 18 kwa mita, kwa hiyo mita 1.2 imemaliza kazi. Lisimamishe wima chini ya tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T), juu weka mpira wa plastiki unaoelea: bomba likijaa mpira unaziba shingo na maji safi yanageukia tangini. Chini weka kifuniko cha kufungua kwa mkono na koki ndogo.

Vitabu vingi vinakuambia utoboe tundu dogo chini ili lijimwage lenyewe. Tundu la mm 2 linavuja kama lita 30 na ushee kwa saa, mvua nzima. Kwenye uhaba huo ni ufujaji. Tumia koki, fungua mvua ikikatika. Ukisahau kuifungua, mvua inayofuata inaosha paa moja kwa moja hadi tangini, kwa hiyo kazi hiyo apewe mtu mmoja anayejulikana.

Tangi: giza tupu ndani (mwanga unaleta ukijani), wavu wa mbu kwenye kila tundu pamoja na la kufurikia, koki ya kutolea iwe sm 10 juu ya sakafu ili tope libaki chini, na bomba la kuingizia lishuke karibu na sakafu kisha likunje kuelekea juu, lisitibue mashapo. Paa lenye rangi ya risasi au la asibesto lililochakaa usilivune kwa kunywa.

ChujioLaMchanga

Naungana na Fundi kuhusu paa, ila tangi litachelewa kujaa na mwaka wa kwanza lambo litatumika tu. Tuliongelee.

Kwanza ile video ya chupa. Mkaa wa jikoni unapunguza harufu na rangi, kokoto inazuia majani. Bakteria wanapita, virusi wanapita. Maji yanatoka meupe na mtu anayaamini, ndiyo hatari yake. Achana nayo.

Chujio la mchanga la kaya, lile lililobuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, ni kitu kingine kabisa. Linafanya kazi kwa sababu juu ya mchanga kuna utando wa viumbe hai wanaokula vimelea. Utando huo unahitaji maji, hewa na chakula kila siku, na karibu kila kosa nitakalotaja hapa chini ni namna ya kuuua.

Maji ya lambo lako huwezi kuyamwaga humo moja kwa moja. Kikomo ni NTU 50 (NTU ni kipimo cha ukungu wa maji). Huna kipimo? Jaza chupa angavu ya lita 2, isimamishe juu ya kichwa cha habari cha gazeti chenye herufi za kimo cha sm 1.5, angalia kupitia mdomoni. Ukisoma, uko chini ya NTU 30 hivi, endelea. Huoni kitu, tuliza kwanza.

Kutuliza kwa kuacha tu usiku kucha kunaondoa mchanga na sehemu ya tope, lakini udongo wa mfinyanzi utabaki unaelea hata wiki. Hapo ndipo shabu, jiwe la kugandisha tope, inapoingia. Usikoroge jiwe la shabu kwa kukisia. Yeyusha gramu 10 katika lita 1 ya maji. Kila ml 1 ya mchanganyiko huo ina mg 10. Chukua chupa nne za lita moja moja za maji ya lambo, tia ml 2, 4, 6 na 8 kwa bomba la sindano. Koroga haraka dakika 1, kisha taratibu dakika 5 hadi 10, uone mabonge yanashikana. Acha saa 1. Chagua chupa yenye dozi ndogo kabisa iliyotoa maji meupe. Ikiwa ni ya ml 4, basi ndoo ya lita 20 inataka ml 80. Rudia jaribio mvua ikinyesha, maana tope la lambo linabadilika. Mabonge yakikataa kuota hata kwenye ml 8, mara nyingi maji ni laini mno na shabu imeyafanya yawe na asidi. Chembe ya chokaa inarekebisha.

Mlonge nao unafanya kazi, lakini hesabu mbegu kabla hujaufurahia. Maji ya NTU 50 hadi 150 yanataka mbegu 1 kwa lita 2. Ya 150 hadi 250, mbegu 1 kwa lita. Zaidi ya hapo, mbegu 2 kwa lita. Lambo lako ni mbegu 40 kwa ndoo. Menya ganda, twanga kiini cheupe, koroga na maji kidogo, chuja kwa kitambaa, ndipo umimine. Maji hayo yatumike ndani ya siku moja kwa sababu mabaki ya mbegu yanaoza na kurudisha bakteria.

Chujio lenyewe: chini kabisa kokoto za mm 6 hadi 12, unene sm 5. Juu yake changarawe za mm 0.7 hadi 6, sm 5. Halafu mchanga uliopita chekeche la mm 0.7, kina kama sm 54. Bora mchanga wa mawe yaliyosagwa. Wa mtoni una uchafu wa mimea na vimelea tangu mwanzo. Mchanga uoshe lakini usiuoshe hadi maji yawe angavu, kwani ule mwembamba ndio unaopunguza mwendo. Unapoujaza, chombo kiwe na maji tayari, mchanga uzame. Ukiujaza mkavu, hewa inanaswa na maji yanajitafutia njia za mkato.

Mdomo wa bomba la kutolea uwe sm 5 juu ya uso wa mchanga. Hapo maji yakisimama yanabaki kina cha sm 5: pungufu, utando unakauka, kikizidi, hewa haiufikii. Usifunge koki wala mpira mrefu kwenye mdomo huo. Koki inazuia maji yasishuke hadi kimo chake, mpira unafyonza hadi mchanga unakauka.

Pima mwendo chombo kikiwa kimejaa: usizidi lita 0.4 kwa dakika, yaani lita 1 isijaze chini ya dakika 2 na nusu. Ukizidi, mchanga ni mkubwa au umeoshwa mno. Kati ya kumwaga na kumwaga acha angalau saa 1, na isizidi saa 48. Utando unachukua hadi siku 30 kukomaa, na hata ukikomaa virusi hupunguzwa kidogo kuliko bakteria. Kwa hiyo klorini au jua baada ya chujio ni lazima, si pambo.

Mtekaji

Nimeelewa. Swali la hapo mwisho: klorini au jua, ipi kwa kaya hii? Na dozi yake, kwa sababu kila pakiti inasema lake.

DoziSahihi

Zote mbili, kwa sababu tofauti. Klorini ni ya ndoo ya kuhifadhia, kwa vile inabaki kulinda maji mkono mchafu ukiingia. Jua ni la siku dawa imeisha.

Kila pakiti inasema lake kwa sababu nguvu zinatofautiana, hivyo zigeuze zote ziwe mchanganyiko wa asilimia 1. Unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70: gramu 15 katika lita 1. Dawa ya kung'arisha nguo ya asilimia 5, isiyo na manukato wala rangi: sehemu 1 kwa sehemu 4 za maji. Ya asilimia 3.5: sehemu 1 kwa 2 na nusu. Weka kwenye chupa ya plastiki isiyopitisha mwanga, mbali na joto, andika tarehe, baada ya mwezi tengeneza mpya. Usitumie chombo cha chuma, na usikutanishe na dawa za choo zenye asidi, gesi yake inaua.

Maji meupe yanataka mg 2 kwa lita: ml 4 za mchanganyiko huo kwa ndoo ya lita 20. Maji yenye ukungu kidogo ni mara mbili. Ila dozi hizo ni za mtu asiye na kipimo. Ukipata kipimo cha rangi cha mabwawa ya kuogelea, jaza ndoo nne, tia ml 1, 1.5, 2 na 2.5, subiri dakika 30, pima. Chagua ile iliyobakiza mg 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Maji yaliyopita mchanga vizuri yatakushangaza kwa jinsi yanavyotaka dawa kidogo, na malalamiko ya ladha yanakwisha. Zote nne zikisoma sifuri, maji yana uchafu mwingi unaoila dawa; rudi kwenye kutuliza, usiongeze dozi tu.

Klorini itiwe kwenye ndoo inayopokea, kamwe si juu ya chujio. Na haiui vijidudu vya kriptosporidi, ambavyo mifugo inavimwaga lamboni. Mchanga, kuchemsha na jua zuri vinavishughulikia.

Jua: chupa angavu za PET (plastiki ya chupa za soda na maji), lita 1 hadi 2, zisizo na lebo wala mikwaruzo. Si madumu ya lita 5, maana mwanga hauvuki kina kirefu. Jaza robo tatu, tikisa sekunde 20 ili hewa iingie, malizia kujaza, zilaze juu ya bati. Ziache kwa muda wa saa 6 kama anga ni angavu. Siku 2 mfululizo kama mawingu yanafunika zaidi ya nusu. Siku za mvua usitegemee. Nyuma ya kioo cha dirisha haifai, kioo kinazuia sehemu ya miale inayohitajika. Watu 6 kwa lita 3 za kunywa ni lita 18, chupa 9 juani na 9 nyingine mezani zikipoa. Kunywa humo humo chupani; ukimimina kwenye mtungi umeanza upya.

Kuchemsha kunaua bakteria, virusi na vimelea: yaache yatokote dakika 1, au dakika 3 kama uko juu ya mita 2,000. Kasoro yake ni kuni, karibu kilo 1 kwa lita kwenye moto wa mafiga. Kitaalamu nyuzi 70 zinatosha, ila bila kipimajoto mtu hana namna ya kuziona, ndiyo maana tunasema mtokoto.

Sola_Tele

Mbona mnakizunguka kisima? Mtambo wa mvuke wa jua unatoa chumvi na floraidi kwa mpigo mmoja, bila dawa. Au mtambo wa utando wa shinikizo (reverse osmosis, maji yanasukumwa kupitia utando unaobakiza chumvi) unaoendeshwa na sola. Dunia ndiko inakoelekea.

MvukeWaJua

Mtambo wa mvuke naupenda, ila hesabu yake haina huruma. Siku ya jua kali inakupa kama megajuli 20 kwa mita ya mraba. Kugeuza lita 1 kuwa mvuke kunakula kama 2.3. Hata bila upotevu wowote hupati lita 9. Kiuhalisia mtambo uliojengwa vizuri unatoa 3 hadi 4. Lita 18 za kunywa ni mita za mraba 5 hadi 6 za kioo. Mita ya mraba 1 ni jambo la maana kwa mgonjwa au mtoto mchanga, au mahali ambapo hakuna mvua ya kuchanganya. Hapa mvua ipo.

Anayetaka kujenga ile mita 1: beseni jeusi, maji kina cha sm 2 tu (kina kirefu kinachelewa kupata moto), chini yake sm 5 za kitu cha kuzuia joto, juu kioo cha mm 4 kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo ukiwa mdogo, matone yanadondoka yanakotoka badala ya kuteleza hadi kwenye mfereji. Nailoni badala ya kioo ina kasoro hiyo hiyo hata ukiinamisha, matone hayasambai juu yake, na jua linaichana. Tundu dogo kwenye silikoni linatoa mvuke mwingi kuliko unavyodhani. Ukiona nje ya pembe pana unyevu asubuhi, hapo ndipo pa kuziba. Maji ya siku za mwanzo yana harufu ya silikoni, yamwage. Kila asubuhi jaza kupita kiasi ili chumvi ya jana itoke, la sivyo beseni jeusi linageuka jeupe na kuanza kurudisha jua angani.

Kuhusu utando wa shinikizo: kwa chumvi ya mg 2,000 unahitaji shinikizo la bar 10 hadi 20, chujio la maikroni 5 mbele yake, dawa ya kuzuia magamba ya chumvi yanayoganda kwenye utando, na mtu wa kuusafisha. Kwa kijiji kizima chenye fundi na mfuko wa vipuri, ndiyo. Kwa kaya, hapana. Ukipata nusu ya maji yakiwa safi, nusu nyingine inatoka na chumvi mg 4,000 na floraidi karibu 4.8. Kabla ya kununua useme yatamwagwa wapi, maana kwa ndama si maji mazuri.

FundiMatangi

Nyongeza, kwa sababu nimeona swali hili mahali pengine: kuchemsha maji ya kisima hakupunguzi floraidi, kunaiongeza, maana maji yanapungua yenyewe inabaki. Kinachoiondoa kwa bei nafuu ni mkaa wa mifupa, mifupa iliyochomwa bila hewa nyingi kwenye nyuzi 400 hadi 500. Ukiwa mweusi au kijivu ni mzuri. Ukiwa mweupe umeungua mno na uwezo umeshuka. Ukiwa na mafuta ndani, maji yatanuka. Shida ni kwamba siku unaposhiba floraidi ladha haibadiliki, lazima upime. Kwa 2.4, kuchanganya na mvua ni rahisi kuliko hayo yote. Ikiwa maabara ingesoma 8, tungezungumza lugha nyingine.

Na maji yaliyochanganywa yatiwe klorini pia.

Mtekaji

Kuna chujio la mchanga la jirani, la zege. Limepungua hadi lita 1 kwa dakika 12 na maji yanatoka na harufu ya yai viza. Linaokoleka, au lijengwe upya?

ChujioLaMchanga

Linaokoleka. Kuziba kumetokana na tope, yaani wanamwaga maji bila kuyatuliza. Ondoa sahani yenye matundu (ile inayokaa juu ya mchanga kupokea maji yanayomwagwa), hakikisha maji yaliyosimama ni sm 5 hadi 10, tia kiganja na uzungushe juu juu tu, kina cha ncha za vidole. Maji yakichafuka yachote kwa kikombe, umwage. Rudia hadi mwendo urudi karibu na lita 0.4. Sawazisha mchanga, rudisha sahani. Usichimbe, wala usiutoe mchanga wote kuuosha, hapo umeanza siku 30 upya. Baada ya kusafisha hivi, utando unajirudi kwa siku kadhaa, klorini isikosekane.

Harufu ya yai inasema viumbe wa juu wamekosa hewa. Pima kina cha maji yaliyosimama baada ya mdomo kuacha kudondosha. Kikizidi sm 6, mchanga umeshuka, ongeza mchanga ule ule ulioshwa hadi kirudi sm 5. Kikiwa sawa, uliza kama chujio linakaa zaidi ya siku 2 bila kumwagiwa. Angalia pia kama kuna aliyefunga koki kwenye mdomo wa bomba. Kwenye machujio ya zege hilo ndilo ningeangalia kwanza.